Niliisifia Subaru ya Kaka Yangu, Nikaambiwa Niishushe Mlimani

Kidole changu kiliingia kwenye ufa...

Nilikuwa nimelala chali kwenye vumbi, chini ya Subaru, hatua kama ishirini tu kutoka pale barabara inapoanza kuporomoka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda bondeni.

Kile chuma kinachoshika tairi la mbele la kushoto kilikuwa kimevunjika zamani, kikachomelewa, kikapakwa rangi nyeusi. Sasa weldingi ilikuwa inaachia.

Kona moja kali, na tairi lingechomoka. Kulia kwetu kulikuwa na ukuta wa mlima. Kushoto hakukuwa na kitu.

Na mzee Bundala alikuwa amekaa kiti cha abiria, mkanda kaufunga, ananisubiri nimfikishe kwake Milepa.

Wadau, msinionee huruma haraka. Mimi ndiye niliyemwambia gari lile ni zima.

Naitwa Redempta. Ni fundi wa magari hapa Sumbawanga mjini, na mkinicheka kwa kuwa mwanamke mtakuwa mmechelewa, wenzenu walishacheka wakachoka.

Kaka yangu Victor ndiye aliyenisomesha ufundi. Baba alipogoma kwamba msichana hawezi kulala chini ya magari ya watu, Victor alivuna ulezi wake wote akauza, akanilipia chuo. Kwa hiyo Victor akisema jambo, mimi huwa nimeshakubali kabla hajamaliza.

Mwezi uliopita akanipigia. Alikuwa anauza Subaru Impreza yake ya bluu, ile yenye turbo ambayo vijana wa mjini wakiisikia wanatoka vibandani kuitazama. Mteja kampata, ndiye huyo Bundala, mzee wa Kisukuma, mfugaji. Kauza ng'ombe, na anasema kapanda punda, baiskeli na trekta, sasa kabla hajafa anataka kitu kinachokimbia.

Ila mzee ametaka fundi wa kulikagua. Victor akamwambia yupo mwanamke mmoja mwaminifu sana, hana undugu naye.

"Iligongwa kidogo mbele, nimeshaitengeneza," akaniambia. "We sema nzima tu, mdogo wangu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kukata simu. Sikukata.

Asubuhi yake nikafika kwa Victor. Nikamwamkia mzee, shikamoo, akaitikia huku akinitazama usoni muda mrefu kuliko kawaida. Mrefu, mwembamba, fimbo mkononi, koti zito kwa sababu baridi yetu ya huku juu watu wa bondeni hawaiwezi.

Nikaanza kazi, au niseme nikaanza maigizo.

Gari la mbio la mtumba linakaguliwa injini ikiwa baridi. Unaliwasha mwenyewe, unasikiliza linavyokohoa, unatazama moshi wa kwanza. Nikagusa boneti... ya moto. Victor alishaliwasha kabla hatujafika.

Nikanyamaza.

Nikaona bolti za bawa la mbele, lile bati la juu ya tairi, zina alama za spana, na boneti haijakaa sawa na taa. Nikanyamaza tena. Nikauliza jeki ili nitazame chini. Victor akasema kaiazimisha.

Mimi nina jeki mbili karakana kwangu, dakika tano kwa bodaboda. Sikuagiza.

Nikafuta mikono, nikamgeukia mzee.

"Gari zima hili, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema neno ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea.

"Bomani kwangu, anayesema ng'ombe mzima ndiye anayeshika kamba mpaka zizini. Utaniendesha wewe. Hela ya kijana huyu nitakukabidhi wewe nikishafika nyumbani."

Nikamtazama Victor. Nilijua atazuia, atasema barabara mbaya, atasema chochote...

Akafuta vumbi kwenye taa kwa kiganja, akanipa ufunguo.

Nikajipa moyo. Kama angejua kuna hatari, asingenipa. Huyu ni Victor.

Tulipopita Ntendo, gari lilikuwa linavuta vizuri, turbo inapuliza, upepo wa uwandani unagonga vioo. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza, akashika dashibodi kwa mikono miwili. Akasema angewachukua wajukuu wote, wawili wawili, awazungushe kijiji kizima. Nikacheka naye, ndugu zangu, na kile kicheko kinanichoma hadi leo.

Kisha usukani ukaanza kwenda kushoto peke yake.

Nikaurudisha. Ukaenda tena. Nikikanyaga breki, chini yangu kitu kinagonga, ko... ko...

Mbele nikaona anga tupu, na mbali kule chini bonde la Rukwa limetanda. Mteremko ulikuwa umefika.

Nikaegesha. Nikamdanganya mzee kwamba nakagua upepo wa tairi. Nikaingia chini, na ndipo kidole kikaingia kwenye ule ufa.

Nikatoka pale. Nikampigia Victor. Mikono ilikuwa na grisi, nikaweka simu juu ya boneti, spika wazi. Kuhusu ufa sikumwambia. Nilitaka awe hajui... nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote.

"Mmefika?" akauliza.

"Bado. Niko juu ya mteremko. Linavuta kushoto, na nikishika breki kuna kitu kinagonga."

"Kinagonga sana?"

"Kiasi."

"Shuka polepole. Usishike breki ghafla, tumia gia. Pale kushoto nilichomelea mwenyewe, itakushikilia mpaka chini."

"Na isiposhikilia?"

"Redempta, ukigeuza hapo biashara imekufa. Shuka."

Nikakata. Nilipoinua uso, mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti na fimbo yake. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Huyo ni kaka yako," alisema. Hakuwa anauliza.

Nikapiga magoti palepale barabarani. Nikamweleza yote, boneti ya moto, bolti, jeki, chuo, ulezi. Nililia kama mtoto. Aliniacha nimalize.

"Nilijua tangu asubuhi," akasema. "Ndama namtambua na mama yake hata wakiwa maboma mawili tofauti. Wewe na yule mmetoka tumbo moja, mtu hahitaji kuambiwa."

"Sasa kwa nini ulikubali nilikague, baba?"

Aliinamia fimbo yake. Nadhani alikuwa ananionea aibu.

"Ndiyo sababu nilikubali. Mimi magari siyajui. Nilisema huyu kijana anaweza kunidanganya mimi, lakini hawezi kumpa dada yake kifo akiendeshe. Akikupa ufunguo, basi gari ni zima."

Wadau... mzee hakuwa mjinga. Alilikagua lile gari kwa kipimo kikubwa kuliko jeki zangu zote. Kipimo kilikuwa sahihi, kaka yangu ndiye aliyekuwa mbovu.

Nikidhani amemaliza, akaongeza, bila hasira:

"Na wewe, binti yangu, mimi ulinipandisha humo."

Mzee alisimamisha pikipiki iliyokuwa inashuka, akapanda nyuma na koti lake, akaenda zake na hela zake. Subaru ilikokotwa kurudi mjini na lori la mahindi. Mimi nilipanda juu ya magunia.

Mama anasema nimsamehe Victor, damu nzito kuliko maji, na bila yeye nisingekuwa fundi. Yote kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, nayo ni kweli.

Ninyi mnaotafuta magari ya mbio ya mtumba, nisikilizeni. Liwasheni wenyewe likiwa baridi. Tazameni chini hata kama muuzaji ni padri. Na mkiambiwa jeki haipo, ulizeni kwa nini. Nanyi mafundi wenzangu, ukisema "zima" umemfunga mtu mkanda, hata kama hujamgusa.

Nikiwa bado juu ya magunia, simu ililia. Ujumbe wa Victor. Hakuwa anajua kama tuligeuza au tulishuka, kama niko barabarani au niko korongoni. Nikafungua haraka.

Aliandika maneno mawili: "Mzee kashalipa?"