Mama na Basi la Ijumaa

Kila nikirudi kutoka shule, nina kazi tatu: kuchota maji, kumenya viazi vitamu, na kumsomea Bibi ujumbe wa simu. Ile ya tatu ndiyo niliyoipenda. Bibi Nyirahabimana alikulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka, lakini Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. "Gwiza wangu ni profesa," huwaambia majirani zetu wa Masaka. Nami kichwa kilivimba.

Mama yangu anashona nguo Kampala, ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa sijamwona kwa miezi kumi na moja. Nilikuwa na hamu naye hata nikawa nalala na kitenge chake. Siku kilipofuliwa na harufu yake ikaisha, nililia mno. Aliahidi kuja Ijumaa, akae siku mbili nzima. Kisha simu yake ikaharibika.

Ijumaa yenyewe nilikuta ujumbe mrefu kutoka kwa Careen, Mganda anayeshona naye, asiyejua Kiswahili wala Kinyarwanda. Ulianza hivi: "Mum missed the Friday bus."

Nikakwama. "Miss" ndivyo tunavyomwita mwalimu wetu, Miss Wanjiru. Sasa mwalimu anaingiaje kwenye habari za basi? Nikakumbuka kadi niliyopewa na rafiki yangu Sangwa alipohama: "I miss you", yaani nina hamu nawe. Aha! Mama ana hamu na basi la Ijumaa!

"Bibi, anakuja leo!"

"Na hayo mengine yote yanasemaje?"

Yalikuwa mengi, tena magumu. "Salamu tu," nikajibu.

Bibi alipiga vigelegele. Tulipika isombe, kisamvu anachokipenda Mama, tukaenda kituoni Nyabugogo. Basi la Kampala lilipofika, nilimkazia macho kila mwanamke aliyeshuka. Kondakta akafunga mlango. Mama hakuwamo.

Nyumbani Bibi hakugusa chakula. "Kama alipanda na hakushuka, kuna jambo limempata njiani," alisema, machozi yakimtoka. "Mwanangu wa pekee jamani!" Nilikaa kando yake na simu mkononi. Ningeanzaje kusema kwamba profesa hakuelewa?

Asubuhi nilimkuta amekaa palepale, na nguo zilezile. Nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, nisamehe. Sikuelewa ule ujumbe. Nilibahatisha."

Alinisukumia simu. "Kimbia kwa mwalimu wako," akasema.

Miss Wanjiru anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisoma ujumbe wote, akashika kichwa. "Gwiza! Mama yako aliachwa na basi, yuko salama. Careen anauliza: akija na basi la leo atapata Jumapili tu, maana Jumatatu anatakiwa kazini. Aje, au asije? Na basi linaondoka baada ya nusu saa!"

Alipiga simu palepale. Careen akampa Mama.

"Gwiza? Mbona kimya? Nilidhani siku moja hamuitaki."

"Njoo, Mama! Hata kwa saa moja, njoo!" Nililia mpaka Miss Wanjiru akanipokonya simu.

Alinisindikiza nyumbani akinieleza. "Neno hilo 'miss' zamani lilikuwa la kukosa shabaha. Basi likikuacha, ni lilelile, umelikosa. Na mtu akiwa mbali, pengo lake likakuuma, Waingereza hutumia lilelile pia. Lakini hilo mnaloniita mimi ni jingine kabisa. Limekatwa kutoka neno refu la zamani la mwanamke mwenye mamlaka nyumbani. Yamefanana tu."

Jioni Mama alishuka Nyabugogo. Nilimrukia nusura tuanguke wote wawili. Bibi alimpapasa uso, kisha akanigeukia.

"Kutojua si aibu, mjukuu wangu. Lakini nimemlilia mtoto aliye hai kwa sababu wewe uliona haya kusema 'sijui'. Usirudie."

"Sitarudia, Bibi."

Jumapili ilikwisha upesi, hata hadithi zangu sikuzimaliza. Mama akaondoka na basi la usiku, na nyumba ikawa kubwa mno.

Jumatatu jioni ujumbe wa Careen ukaingia. Bibi akasogeza kigoda. Nikasoma: Mama amefika salama. Nikaendelea, nikasimama.

"Hapa panasema jambo kuhusu mimi, Bibi, lakini sielewi. Sijui."

Bibi alikuwa keshavaa viatu. "Twende tukaulize," akasema, akanishika mkono.