Kiapo cha Kiroboto

Fundi wa sare za shule alikuwa bibi mwenye miwani mbili: moja ya kutunga uzi, nyingine ya kukagua watu. Jumatano alimwita mjukuu wake, Kiroboto, ampime sare mpya.

"Vua sweta."

"Nasikia baridi, Bibi."

"Baridi gani? Mimi jasho limefika kwenye nyusi! Vua, usinichoshe."

Kiroboto akavua. Mkononi alikuwa na chale tatu, mbichi.

"Nani kakuchanja?"

"Kikundi. Juzi. Ni siri, nimekula kiapo."

"Umekula kiapo! Chakula changu kinalala sufuriani, wewe unakwenda kula viapo!" Bibi akanyakua rula ya mbao.

"Weka chini, mama," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa jirani yao, afisa ustawi wa jamii, amefuata sketi yake. "Ukimpiga atakimbilia kwa haohao."

"Sasa nimpigie makofi ya pongezi?"

"Msikilize kwanza."

Bibi akakaa, kanuna. Kiroboto akalia, akasema. Yeye na wasichana wenzake waliambiwa ni kikundi cha kusaidiana masomo. Kisha mwanamume mmoja, mtu mzima na ndevu zake, akawachanja wote kwa wembe mmoja. Ijumaa Kiroboto alitakiwa kumchana shavu msichana wa shule jirani. Akikataa, atachanwa yeye.

"Na ukitoa siri ulimi unakatika," alisema, mkono mdomoni.

"Hebu utoe," Bibi akasema. Akavaa miwani. "Mbona upo? Tena mrefu."

Jirani hakucheka. "Mwanangu, kiapo cha vitisho hakimfungi mtu. Siri ndiyo nguvu yao. Mama, mpeleke zahanati sasa hivi. Wembe wa kuchangia unaweza kuambukiza virusi vya Ukimwi, na dawa ya kinga inatakiwa kabla siku tatu hazijapita. Halafu twende polisi, dawati la watoto, na kwa mwalimu mkuu."

"Huyo mwenye ndevu nitamfuata mwenyewe. Mkasi ninao."

"Mkasi ubaki hapa. Usiwaendee peke yako."

Bibi akasonya, lakini akauacha.

Zahanati Kiroboto alipewa dawa. Polisi waliandika maelezo. Mwalimu mkuu ndiye aliyewachosha.

"Shuleni kwangu hakuna mambo hayo," alisema.

Bibi akampandisha Kiroboto mkono wa sweta. "Basi soma hapa, mwalimu. Maandishi makubwa."

Mwalimu akainama, akazihesabu chale. Kesho yake aliita wazazi. Wasichana sita wengine walivua masweta yao, wakapelekwa zahanati siku hiyohiyo. Jioni polisi walimkamata yule mwanamume.

Ijumaa Bibi alimfuata Kiroboto langoni mwa shule. Wasichana wa shule jirani wakapita. Mmoja alikuwa anacheka, mashavu yake mazima. Hakujua lolote.

"Ndiye huyo?" Bibi akanong'ona.

Kiroboto alimtazama mpaka akaishia kwenye kona.

"Kumbe ana vishimo mashavuni," akasema. "Sikuwahi kumwangalia."