Gari Lililofika Kiganjo Kimya

"Mpigie tena."

"Nimempigia mara kumi na moja, Jackie. Hapatikani!"

Gathoni alimtupia dadake simu. Saa saba unusu, na wageni wa ruracio, sherehe ya kuleta mahari, walitarajiwa saa tano. Akina mama wa kuwaimbia getini walishavua viatu kwa kuchoka kungoja.

Lililomuuma zaidi ni gari la umeme. Alilibuni mwenyewe kwenye karakana yao Ruiru: bodi nyepesi, breki zinazorudisha umeme kwa betri, hivyo betri ndogo inatosha. Leo alimwachia mchumba wake Musau awalete wazee wake kutoka Mugutha.

"Kama wamejaza kreti za soda, betri imeisha Juja. Mimi ndiye nimejiharibia!"

"Ama kijana wa Kikamba amebadilisha mawazo," akasema shangazi Maggie bila huruma.

Gathoni akaandika: "Musau, hata kama hunitaki, niambie tu." Tiki moja; ujumbe haukufika.

Baba yake, mzee Bedan, akachungulia mlangoni.

"Saa nane naambia watu waende. Sitachekwa Kiganjo yote. Na hiyo ndoa usinitajie tena."

Saa nane kamili akawashukuru watu, akaenda mwenyewe kufungua geti la mabati.

"Ngai! Nyinyi mmetoka wapi?"

Musau na wazee watatu walikuwa wamesimama juani na suti zao, jasho likiwatiririka, gari nyuma yao.

"Tuko hapa tangu saa tano kasoro, Baba."

"Masaa matatu! Na hakuna mtu amesikia gari!"

"Halina sauti. Na tuliambiwa kwenu haturuhusiwi kubisha, tungoje tuimbiwe. Mzee wetu akasema simu zizimwe, ni heshima."

"Si ungepiga hata honi!"

"Honi kwa wakwe, Baba?"

Mzee Bedan alicheka mpaka akashikilia geti. Gathoni alitoka mbio, miguu mitupu, akamrukia Musau mbele ya watu wote. Alilia, na kilio hicho kilikuwa kitamu.

"Nilidhani umeniacha!"

"Nikuache niende wapi? Mimi nilidhani mmenikataa. Nimesimama hapa nikiomba Mungu."

"Na betri?"

"Imebaki zaidi ya nusu. Na kreti tano ndani."

Gathoni akafunika uso kwa mikono, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Haya, msichana, rudi ndani, bado hujaolewa," akasema baba yake, akijifuta machozi ya kicheko. "Akina mama! Wageni wamefika!"

Geti likafungwa tena usoni mwa Musau, kama desturi ilivyotaka, na nyimbo zikaanza.