Majaribio Matatu ya Namba ya Siri

Jua lilikuwa linazama Bagara, na Filbert alishaanza kufunga duka lake la kompyuta, mama mmoja alipoingia bila hodi. Alinuka udongo mbichi.

"Shikamoo mama. Nimeshafunga."

"Marahaba, Baba Noela. Nipimie hiki."

Filbert akageuka. Mwanawe Noela alifariki mwaka juzi akiwa na miezi minne, na tangu hapo hakuna aliyemwita hivyo.

Mama aliweka mezani tokeni, kidude kama flashi kinachotunza funguo za siri za kusaini nyaraka. Filbert alishapima nyingi za maofisini, kwa programu huria aliyoipakua bure na kujisifia mji mzima. Akaichomeka kwenye laptopu. Programu ikaorodhesha funguo zilizomo.

Ulikuwemo mmoja tu. Jina lake... COLETHA.

Mke wake. Yuko nyumbani, Nangara.

"Umeutoa wapi?" alinong'ona.

"Aliuleta mwenyewe wiki ile ya mazishi. Ni uhai wake, akaomba nimtunzie. Sasa muda umekwisha. Ufungue leo, au ubaki wangu. Namba ya siri ni tarehe aliyozikwa mwanao."

Filbert akataka kuichomoa tokeni.

Haikuchomoka.

Programu ikaandika: majaribio yaliyobaki, matatu; yakiisha, tokeni hujifunga moja kwa moja.

Filbert hakuijua tarehe hiyo. Siku ya mazishi alikuwa Arusha, eti kazi imembana. Kazi gani! Aliogopa lile jeneza dogo, basi, akamwacha Coletha azike peke yake. Mtu mwenye akili angempigia mkewe pale pale amuulize. Yeye akaona aibu, akabahatisha. Machi, tarehe kumi na mbili.

Siyo. Yamebaki mawili.

Simu ikaita. Coletha.

"Filbert... nimepapasa simu. Nasikia joto la moto hapa jikoni, ila siuoni. Sioni kitu!"

"Tulia, mke wangu. Nakuja."

Na bado hakuuliza. Ndivyo alivyo, aibu yake aliithamini kuliko macho ya mwenzake. Akaandika kumi na tatu.

Siyo. Limebaki moja.

Ndani ya simu kilisikika kishindo, kisha sufuria ikibiringika sakafuni.

"Miguu..." Coletha alikuwa analia. "Filbert, siisikii miguu yangu."

Hapo ndipo mdomo ulipomfunguka.

"Coletha, nisikilize. Noela alizikwa tarehe ngapi?"

"Hujui?"

"Niambie tu, nakusihi!"

"Filbert... hujui?"

Hofu ilikuwa imemtoka Coletha kabisa. Ilibaki sauti ya mtu aliyechoka. Akakata simu.

Filbert akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, jasho likimwingia machoni, huku kisanduku cha namba kikimsubiri kwenye kioo cha laptopu.

Mama akavuta stuli, akakaa, akakunja mikono mapajani.

"Nilimuuliza tuweke namba gani," alisema taratibu. "Akaniambia weka hiyo. Akasema hiyo Baba Noela hawezi kuisahau."

Simu iliendelea kuita.