Udi wa Alhamisi

Muhsin akija kumtazama mama yake, majirani walijua bila kuambiwa. Harufu ya udi ilijaa ngazi nzima, kuanzia mlango wa barabarani. Mpita njia angedhani ndani kuna harusi.

Nyumba hiyo ilikuwa Hindawiya, mtaa wa zamani wa Jidda. Bi Mwanakhamis na marehemu mumewe walihamia hapo walipotoka Unguja, baada ya mapinduzi. Sasa alikuwa mjane. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Aliweza kusema vizuri, na kucheka pia, lakini hakuweza kusimama wala kujigeuza kitandani.

Muhsin alikuwa mwanawe wa pekee. Alikaa Riyadh na mkewe Wahida na watoto wao wadogo. Ilikuwa miaka ile bei ya mafuta ilipopanda, na Riyadh yote ilikuwa vumbi, saruji na winchi. Muhsin alikuwa mkaguzi wa majengo katika kampuni ya ujenzi, na mafundi walimwogopa. Alifika bila taarifa, akagonga nguzo kwa nyundo, akasikiliza. Fundi akimwonyesha ukuta uliopakwa rangi vizuri, alisema, "Rangi haibebi nyumba. Nionyeshe nguzo."

Kwa mama yake, ujuzi huo wote aliuacha uwanja wa ndege.

Mama alitafutiwa mtunzaji, mwanamke wa Mombasa aitwaye Mwatima. Kafili wa Muhsin, yule Msaudi aliyemdhamini, alimfanyia ikama, kibali cha kuishi nchini. Mwatima alipika, alifua, alimwogesha bibi na kumlisha. Kila kazi ya nyumba ile ilikuwa yake peke yake.

Kabla ya kuja, Muhsin alipiga simu dukani chini ya nyumba. "Mwambieni mama, nakuja Alhamisi." Basi Alhamisi asubuhi Mwatima alifagia, akapiga deki, akachoma udi. Alimvika bibi kanga mpya, akambeba kwa taabu hadi sebule ya wageni. Huko kulikuwa na zulia, televisheni ya rangi, na kiyoyozi alichonunua Muhsin. Bibi aliegemezwa kwenye mito kama bibi harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Safari njema?"

"Njema. Wewe hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Sina ninaloumwa."

Muhsin alifungua friji. Nyama ipo, maziwa yapo. Alitazama sakafu ikimetameta. Alisikia baridi ya kiyoyozi. Moyo wake ulitulia, akambusu mama mkono, akarudi Riyadh akiwa na furaha. Tuseme kweli, hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda sana mama yake, na kila alichokitazama kilikuwa kizuri.

Siku moja meli ya saruji ilikwama bandarini Jidda, maana meli zilikuwa nyingi kupita gati. Kampuni ilimtuma Muhsin aifuatilie. Ilikuwa Jumatatu. Shughuli ikaisha mapema, naye akasema moyoni, ngoja nipite kwa mama. Hakupiga simu.

Alibisha hodi, kimya. Akafungua kwa ufunguo wake.

Udi haukuwapo. Palikuwa na harufu nzito ya mkojo na kidonda. Sebule ilikuwa tupu, na kiyoyozi kimezimwa. Mama alikuwa chumba cha nyuma, chenye joto kama jiko, amelala chali. Midomo yake imekauka hadi imepasuka. Gilasi ya maji ilikuwa juu ya kigoda, upande wa kushoto, ule mkono usiofika popote.

"Mama!"

"Muhsin?" Bi Mwanakhamis alishtuka. "Mbona hukupiga simu?"

Muhsin alikimbilia jikoni. Mwatima alikuwa amelala sakafuni, kichwa kando ya beseni la nguo mbichi.

"Amka!" Muhsin alifoka. "Hii ndiyo kazi niliyokupa? Halas! Kesho namwambia kafili akukatie tiketi!"

Mwatima aliinuka upesi. "Nisamehe, Bwana Muhsin. Usingizi umenichukua."

Kelele zilipanda hadi ghorofa ya juu, walikopanga wauguzi wa Kenya. Mmoja wao, Sista Mueni, alishuka akiwa bado na sare ya kazi.

"Bwana, kwani kuna nini? Hizi kelele nimezisikia mpaka juu."

"Mama yangu ameachwa kama mzigo, dada. Tazama mwenyewe!"

"Sawa, nitatazama. Wewe ngoja hapa nje. Mwatima, twende."

Mlango ukafungwa. Muhsin alisimama ukumbini. Alimsikia mama yake akiguna kwa maumivu, na kila guno lilimkata maini. Sista Mueni alipotoka, uso wake haukuwa na utani.

"Ana kidonda mwisho wa uti wa mgongo, pale anapolalia. Kimeanza zamani kidogo. Bado hakijaingia ndani sana, lakini lazima daktari akione leo. Kingeachwa, kingeweza kumuua."

Muhsin alikaa chini palepale. Machozi yalimtoka, wala hakujali kuonekana.

"Lakini mimi humkagua kila nikija," alisema.

"Unakagua nini?"

"Chakula. Usafi. Kiyoyozi."

"Na mgongo wake?"

"Sista! Mimi mwanamume. Yule ni mama yangu, siwezi kumfunua."

"Hiyo ni haki yako, na heshima yake. Hakuna anayekuambia umfunue. Lakini si kuna wanawake? Mkeo yuko, mimi niko hapo juu. Na visigino vyake je? Midomo yake? Hivyo pia huwezi kuvitazama?"

Ndipo sauti ya mama ikatoka chumbani.

"Mwache, Sista. Mwanangu huikagua nyumba. Mimi hunisalimu tu."

Maneno hayo aliyasema bila hasira, na ndiyo maana yalimuuma Muhsin zaidi. Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Kila nikikuuliza unasema hujambo."

"Ningekwambiaje? Unatoka safari, unafika na furaha zako, nikupokee na habari ya kidonda cha mahali pale? Niliona haya, mwanangu. Tena niliogopa ungemfukuza Mwatima. Ukimfukuza, nani atanishika mkono nikiota vibaya?" Akavuta pumzi. "Ule udi ni mimi niliyemwamuru achome. Sikutaka usikie harufu."

Sista Mueni akatikisa kichwa. "Bibi, nyinyi watu wa pwani si ndio husema, mficha uchi hazai?"

"Ndio sisi," Bi Mwanakhamis alikubali. "Kusema tunajua."

Sista alimgeukia Mwatima. "Nani alikufunza kumgeuza mgonjwa?"

"Hapana alonifunza, dada. Bibi ni mzito, nami niko peke yangu. Nikimgusa akasema 'niache', namwacha. Naogopa kumuumiza."

"Na wewe hulala saa ngapi?"

Mwatima alitazama chini. "Akilala yeye. Na yeye halali."

Muhsin alimtazama mwanamke huyo kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, mikono imechubuka kwa sabuni. Alikumbuka kwamba kazini, nguzo ikipasuka, swali lake la kwanza lilikuwa: nguzo hii imebebeshwa mzigo gani? Hapa alikuwa ameanza na tiketi.

"Nimekukosea, Mwatima," alisema. "Huendi popote."

Kisha Sista Mueni akamwita karibu na kitanda. "Lete mkono. Shika kisigino cha mama. Unasikia nini?"

"Kina joto. Na hapa pagumu kidogo."

"Hiyo ni dalili. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Ukingoja kuona, utachelewa. Gusa. Ukisikia joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, ama ukiona pamekuwa peusi kuliko pengine, usipasugue. Mwondolee uzito mahali hapo, umwite muuguzi. Sehemu za stara, mwanamke atazame kila siku akimwogesha."

"Na kumgeuza?"

"Kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, mpaka daktari aseme vingine. Mto nyuma ya mgongo, mto kati ya magoti. Njoo, shika shuka upande huo. Msimburute, ngozi itachubuka. Mnyanyueni."

Muhsin na Mwatima walinyanyua pamoja. Jasho lilimtoka Muhsin. Kumbe Mwatima alikuwa akiubeba uzito huu peke yake kila siku, na kila Alhamisi akaubeba hadi sebuleni kwa ajili yake.

"Jambo jingine," Sista alisema. "Muulize mama mambo yanayojibika. Ukisema 'hujambo', atajibu 'sijambo', hiyo ni adabu tu. Uliza: leo umekunywa maji mara ngapi? Jana nani alikugeuza? Wapi panauma? Muulize mkiwa wawili. Halafu muulize na Mwatima, peke yake, bila ukali. Mtu akiogopa, atakuficha."

"Na simu?" Muhsin aliuliza polepole.

Bi Mwanakhamis alicheka kidogo. "Huko Riyadh, mafundi unawapigia simu kwanza?"

Jioni ile daktari alikuja, akakisafisha kidonda na kuacha dawa. Muhsin aliomba ruhusa kazini. Kitanda cha mama kilihamishiwa sebule ya wageni, kwenye kiyoyozi. Wageni, mama alisema, watakaa kitandani kwake wakitaka. Godoro nene lilinunuliwa. Maji yaliwekwa upande wa kulia, pamoja na kikengele. Jirani mmoja wa Kizanzibari aliajiriwa kusaidiana zamu na Mwatima, naye Mwatima akapata usingizi wake na Ijumaa yake. Sista Mueni aliwafunza wote wawili. Kila wiki alishuka kutazama mgongo. Wahida naye alikuja likizo ilipofika, akajifunza kutazama kama wenzake.

Kidonda hakikupona upesi. Vidonda hivyo huja haraka na kuondoka kwa kusuasua. Lakini kilianza kukauka, kikapungua, kikajifunga.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Muhsin alipokuja kama mgeni, mwenyeji hakupona. Mwenyeji alipona pale mwana alipoacha ugeni.

Miezi ilipita. Jumanne moja asubuhi Muhsin alifungua mlango kwa ufunguo wake. Hakuna udi. Mama yake alikuwa ameketi, mito imemshika kila upande, amevaa kanga kuukuu, anabishana na Mwatima kuhusu chumvi ya mchuzi. Midomo yake ilikuwa laini.

Muhsin hakutazama friji. Alipiga magoti, akashika visigino vya mama yake, kimoja baada ya kingine. Havikuwa na joto wala ugumu.

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa mpaka nimechoka. Muulize huyu askari wako."

"Amekunywa," Mwatima alisema, akicheka.

Bi Mwanakhamis alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni. Macho yakasimama miguuni.

"Na wewe, huko Riyadh nani anakukagua? Hebu vua soksi."

"Mama, mimi sijambo."

"Sikukuuliza hujambo. Nimesema vua soksi."

Muhsin alivua. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa vumbi la saruji, hadi vinatoka damu.

"Mwatima!" Bi Mwanakhamis aliita. "Niletee mafuta ya nazi."

Akamwamuru Muhsin aweke mguu mapajani mwake. Kwa mkono wake mmoja mzima, taratibu, akaanza kumpaka.