Tuirudie, Mwanga Haukuwa Mzuri

Luan Suqing alikanyagwa mguu, akamwagiwa supu kwenye koti lake jipya la sufu, na kabla hajafungua mdomo kulalamika, yule aliyemmwagia akamwambia kwamba kamera ameishika vibaya.

"Unasemaje?"

"Unampiga picha mkata tambi na jua liko mgongoni kwake. Atatoka mweusi tii, tambi zenyewe hazitaonekana. Sogea huku, karibu na sufuria."

Ilikuwa asubuhi, karibu na stesheni ya Datong, kwenye kibanda ambacho watu hula wamesimama kwa sababu viti havitoshi hata robo yao. Mvuke, kelele, harufu ya siki, na katikati ya yote hayo mwanamume mrefu mwenye nywele za kufika mabegani na koti la ngozi lililochanika viwikoni, bakuli mkononi, anatoa mafunzo.

"Wewe ni nani, fundi wa jua?"

"Ni mtu anayejua."

"Basi, bwana unayejua, tazama ulivyonifanyia koti."

Akalitazama, akaliinamia kabisa. "Kijani hiki hakikupendezi, dada. Nimekusaidia."

Suqing akacheka. Hapo ndipo alipojiponza, maana mwanamume wa aina hiyo ukimchekea mara moja hakutoki tena.

Kumbe ndiye Hao Yanzhou mwenyewe, yule mtengeneza filamu ambaye Suqing alikuwa ametoka Beijing kuja kumtengenezea filamu: maisha yake, asili yake, mji uliomlea. Zamani jina lake lilikuwa likitajwa mpaka ng'ambo. Sasa miaka ilikuwa imepita bila yeye kutoa kitu, na watu walikuwa wameanza kumzungumzia kama marehemu. Filamu ya Suqing ikivuma, kulikuwa na watu tayari kumpa kazi tena. Isipovuma, basi.

Majira ya kuchipua yaliwakuta wakipendana, na mimi siwezi kuwaambia ni lini hasa, kwa kuwa walikuwa wakigombana muda wote. Asubuhi simu italia.

"Haloo, mheshimiwa mwongozaji. Umeamka?"

"Umeniamsha."

"Vaa lile shati jeupe leo."

"Yanzhou, ni wewe unayepigwa picha. Mimi hata nikivaa gunia hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Nitakuwa nakutazama wewe, sitazami kamera."

Sasa mtu akikwambia hivyo kabla hujapiga hata mswaki, utamfanya nini? Suqing alivaa shati jeupe. Lakini wakifika kazini, balaa. "Kuang, shusha kamera kidogo," Yanzhou atasema. "Kuang, usishushe," Suqing atasema. Na Kuang, mpiga picha wao, mtu mnene mwenye subira ya ng'ombe, ataiacha pale pale katikati na kuuliza chakula ni saa ngapi.

Siku moja Yanzhou akawapeleka kijijini nje ya mji, kwenye nyumba iliyochimbwa ndani ya kilima, mlango wa tao, karatasi dirishani. Akaegemea ukuta wa udongo. Machozi yakamlengalenga. "Hapa ndipo nilipozaliwa," akasema, na Suqing naye nyuma ya kamera akalia kama mtoto.

Jioni ile wakamwonyesha mama yake Yanzhou ile picha. Mama huyu alikuwa mwanamke mfupi, nywele fupi, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha vichwa vya treni, bado anakaa kwenye yale yale maghorofa ya wafanyakazi.

"Hapo ni kwa kina Guo," akasema. "Tulikuwa tunanunua viazi. Huyu nimemzaa hapa hapa, chumba hicho unamoweka mabegi."

Suqing akamburuta Yanzhou mpaka kwenye ngazi.

"Umenidanganya, na machozi juu."

"Machozi yalikuwa ya kweli. Nyumba tu ndiyo haikuwa yenyewe. Mpenzi wangu, nani atatazama ngazi za saruji?"

"Mimi. Ngazi ulizopanda ukiwa mtoto ndizo ninazozitaka."

"Mji mzima umejengewa ukuta mpya ukaitwa wa kale, wageni wanaupanda wanapiga picha, wote wanafurahi. Mimi nikiazima nyumba ya Guo ndiyo kosa?"

"Yanzhou, nikishindwa kujua lini unasema kweli, nitakuaminije siku utakaponiambia neno la maana?"

Yanzhou akaomba radhi, na akaomba vizuri, na ndilo lililomkera zaidi Suqing, kwamba hata radhi yake ilikuwa na mpangilio. Alimsamehe. Lakini swali lile halikumtoka tena rohoni. Alikuwa anampenda mtu ambaye hakujua ni wapi anaacha kuigiza.

Siku ya mwisho ya kazi walikuwa jikoni kwa mama. Kule Datong anayefika hupikiwa tambi, na anayeondoka hupikiwa jiaozi, vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, ndivyo ilivyo kwa kila nyumba. Basi mama alikuwa amekanda unga na kukatakata nyama ya kondoo na karoti, na wote watatu wamekaa kuifunga nyama kwenye vile viduara vya unga. Kuang yuko mlangoni na kamera. Suqing amevaa aproni ya mama yenye maua mekundu, unga mpaka kwenye nyusi.

Yanzhou akaweka chini mpini wa kusukumia unga.

"Suqing. Nimechoka kukupigia simu. Nataka nikigeuka tu nikuone. Tuoane."

Mama akaacha kufunga. Kuang akaacha kupumua. Lile swali lote la rohoni mwa Suqing likayeyuka, akafungua mdomo aseme ndiyo.

Yanzhou akatupa jicho dirishani. "Tuirudie," akasema. "Wingu limepita, mwanga haukuwa mzuri. Kuang, bado unachukua?"

Nawaapia alisema hivyo.

Suqing akafungua aproni taratibu, akaikunja. "Rudia na mama yako," akasema.

"Suqing, ngoja, mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa unatafuta mwisho wa filamu. Nimeupata, ahsante. Hongera."

"Si hivyo. Ni mazoea ya mdomo tu."

"Huo mdomo ndio uliotaka kunioa?"

Mama akamgeukia mwanawe. "Mimi nilizaa mtoto au nilizaa tatizo?" akauliza.

Suqing alipotoka chumbani na begi lake, akakuta jiaozi zimefungiwa kwenye friji na mama anakata unga uliobaki kuwa tambi, kisu kinagonga ubao.

"Mama, mimi naondoka."

"Sijasikia. Kaa ule."

Ukipikiwa tambi umefika, hujaondoka, na bibi yule alikuwa anamwangalia usoni kuona kama ameelewa. Suqing alielewa. Alikula tambi zile huku anafuta machozi kwa mkono wa shati, akamaliza supu yote, akainama kwa heshima, akaenda stesheni.

Huko Beijing, simu ya Yanzhou iliita mpaka ikachoka. Hakupokea. Aliyepokewa simu yake ni Bi. Zhuo, mtayarishaji, mwenye pesa na mwenye neno la mwisho.

"Nimeona kile kipande cha jikoni kwenye mashine yako. Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Watu watalia na watacheka. Bila hicho, mwongozaji Luan, una mzee wa zamani anazunguka mjini kwao, basi."

"Ni jambo langu binafsi, Bi. Zhuo."

"Ndiyo maana ni zuri."

Alasiri moja mlango wa chumba cha kuhariri ukafunguliwa, Yanzhou akaingia. Amenyoa ndevu vibaya, ana jeraha kidevuni. Kwa mara ya kwanza hakusema chochote kuhusu taa.

"Hupokei simu," akasema.

"Umegundua."

"Nilitaka kukueleza."

"Usinieleze. Kaa. Tazama." Suqing akakiwasha kile kipande. Jiko, unga, mpini, *tuoane*, wingu. Akakisimamisha. "Bi. Zhuo anakitaka. Anasema bila hiki filamu haina mwisho. Na filamu ikianguka, kazi yako mpya inaanguka nayo. Kuang ameniletea kila kitu, hakuna nakala mahali pengine. Sasa niambie kama mwongozaji: kikoje?"

Yanzhou akakitazama, akajikuna shingo. "Ni kizuri sana. Hata lile wingu limekisaidia. Nilikuwa mpumbavu kutaka kurudia."

"Na kama Yanzhou?"

Alikawia. Suqing alikuwa amemzoea mtu mwenye jibu tayari kabla swali halijaisha, na kimya kile kilimtia hofu kuliko maneno yote aliyowahi kumwambia.

"Kifute," akasema.

"Umesikia nilichosema? Kazi yako."

"Nimesikia. Nilikuwa nakuambia wewe. Watazamaji haikuwahusu, na mimi ndiye niliyewaita. Kifute, Suqing."

Akangoja aongeze kitu, utani, maelezo, asogeze hata kiti. Hakuongeza. Basi Suqing akabonyeza, mashine ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena, na jiko la mama likaondoka kwenye kioo.

Hasira haikuwa imemwisha hata kidogo. "Haya. Filamu yangu haina mwisho. Wewe huna kazi. Zhuo atanila nyama. Na mimi sijaposwa, hakuna ushahidi popote duniani kwamba nimeposwa."

Yanzhou akasimama. Akakaa tena. Akafungua mdomo, akakohoa. Uso ulikuwa umemwiva mpaka masikioni.

"Ile habari," akasema. "Ya... Yaani wewe na mimi. Mama anasema... hapana, si mama, mimi. Ile ya kuoana. Wewe unaionaje?"

Katika maisha yake yote hajawahi kusema sentensi mbovu kama ile, na yeye mwenyewe aliisikia, kwa kuwa alikunja uso na kuvuta pumzi aanze upya.

"Ndiyo," akasema Suqing haraka, kabla hajapata nafasi ya kuirudia.