Tairi Mpya Zilizopakwa Mafuta

Jamani, nisikilizeni, na atakayeudhika na audhike.

Asubuhi ile nyumba yetu ilikuwa imetulia. Binti yangu alikuwa barazani na cherehani yake ya kukanyaga, anamalizia sare za wanafunzi, nami nakunja zilizokwisha. Mara akaingia mkwe wangu, dereva wa pikipiki, yule wanayemwita Mwewe, anacheka peke yake. Ametoka kwa fundi, pikipiki ina tairi mpya mbele na nyuma. Nikafurahi, maana zile za zamani zilikuwa zimelika hadi zina kipara.

Fundi alimwonya. Mwenyewe alitusimulia kwa kejeli: tairi mpya hutoka kiwandani na utelezi wake, kwa hiyo siku za mwanzo aende taratibu, asiilaze pikipiki kwenye kona, asifinye breki ghafla, asibebe mtu, mpaka ile ngozi ya juu ikwanguke barabarani. Eti yeye, Mwewe mzima, afundishwe kuendesha.

Sasa sikieni upumbavu wa kijiweni kwao, pale wanapongojea abiria. Pale tairi mpya haiachwi hivihivi. Huipaka mafuta ya injini kwa kitambaa mpaka ing'ae, kisha mwenyewe hupita kona iliyo mbele ya kijiwe kwa kasi, pikipiki imelala, goti nusura liguse lami, na abiria yuko nyuma. Asiyefanya hivyo huitwa bibi harusi, na jina likishamganda halitoki. Watu wazima hao, wana watoto.

Binti yangu alitaka kupeleka zile sare shuleni.

"Baba watoto, si umesema fundi kakukataza kubeba mtu?"

"Fundi yule anaogopa hata kivuli chake. Panda, mama, uende kama malkia."

Akapanda.

Yaliyofuata nilisimuliwa na muuza maji aliyekuwa amesimama palepale. Walipofika kijiweni, wenzake waliinuka kwa shangwe, mmoja akachukua kitambaa akazipaka zile tairi. Binti yangu akaomba ashuke, atembee kwa miguu. Wakamcheka. Wakamwambia mumewe kwamba leo mabibi harusi wako wawili. Hapo ndipo akili ilipomruka Mwewe. Akaondoka na mkewe nyuma, akaingia konani kwa kasi, akailaza.

Tairi ya nyuma ilichoropoka kama sabuni mkononi. Yeye akarushwa majanini, akachubuka kiwiko tu. Pikipiki ilimlalia binti yangu mguuni, ikamburura nayo hadi ukingoni mwa barabara.

Madaktari walihangaika naye, lakini kifundo kilikuwa kimesagika. Sasa hakikunjiki. Niambieni ninyi, cherehani ya kukanyaga mtu ataikanyagaje kwa mguu mkavu kama mpini? Kazi iliyokuwa ikilisha watoto ikaishia pale konani.

Wale wa kijiweni wakaja kutoa pole. Wakakaa sebuleni kwa adabu zote, wanasema ni bahati mbaya, ni ajali kazini. Mimi si mtu wa kelele. Nikawauliza taratibu:

"Bahati mbaya gani hiyo inayopakwa kwa kitambaa? Nani alikishika?"

Nikawafungulia mlango.

Mkwe wangu akapiga magoti, akaniomba msamaha. Nikamwambia mguu si wangu, amwombe mwenye mguu. Binti yangu alimtazama bila chozi.

"Nilikuomba nishuke," akasema. "Ukawasikia wao."

Hajaongeza neno juu ya jambo hilo hadi leo. Anampikia, anamjibu salamu. Na mwanaume yule kila siku anasubiri aseme jingine, hasemi.

FUNZO

Tairi mpya ni hatari kabla haijazoea barabara. Siku za mwanzo endesha polepole, pinda kona pikipiki ikiwa wima, anza kushika breki mapema, kaa mbali na gari la mbele, na usipakie mtu. Usiipake mafuta wala grisi wala kitu chochote cha kung'arisha. Tairi si kiatu. Wewe mwendeshaji, abiria akiomba kushuka, mshushe. Nanyi mnaokaa kijiweni kuwacheka wenzenu mpaka wavunje watu miguu, msijifiche nyuma ya dereva. Damu ile iko mikononi mwenu pia.